Fundi Aliyesema Lingi

Kabla sijamwona Fundi Phelista nilimjua kwa sauti. Ilitoka kwenye simu ya baba, iliyokuwa imelala mezani kati ya chupa ya chai na bakuli la mahindi ya kuchemsha. Ilikuwa sauti nzito kidogo, yenye haraka, kama ya mtu ambaye mkono mmoja umeshika simu na wa pili umeshika kitu kinachoteleza. Siku hiyo alitamka neno moja, na neno hilo nusura liue gari letu. Baadaye likaliokoa.

Niseme kwanza habari za gari. Ni la haibridi, yaani linatumia petroli na betri kwa zamu, na lilikuwa na miaka kumi na miwili baba alipolinunua mwaka jana kutoka kwa afisa mmoja wa Bungoma aitwaye Makokha. Alilinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu, Cucu Mwihaki, mama yake. Figo za Cucu zilichoka. Kila Jumanne na Ijumaa saa moja asubuhi lazima awe Kitale, alazwe karibu na mashine inayomsafisha damu kwa saa nne. Sisi tunakaa nje kidogo ya Moi's Bridge. Kwenda si shida. Shida ni kurudi, kwa sababu akitoka kwenye mashine miguu yake huwa kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kabla ya gari alikuwa akibadilisha magari mawili njiani, na siku moja akaanguka stendi mbele ya watu. Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu ukisema gari umemtaja Cucu.

Mwezi wa kwanza baba akagundua kwamba oili ya injini inapungua. Alikuwa akichomoa kile kijiti cha kupimia kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili alama ilikuwa chini zaidi. Tukatandika gunia jeupe la unga chini ya gari jioni. Asubuhi likawa jeupe vilevile. Mimi nililala chali na tochi ya simu nikatafuta hata tone moja, nikapata buibui tu. Moshi nao hatukuuona.

"Mathenge, hiyo gari yako imeokoka nusu," alisema Ngige, jirani yetu anayeuza mbolea. "Haivuti sigara, haitemi mate, lakini kunywa bado inakunywa."

"Badala ya kucheka, si uniambie inapeleka wapi," baba akamjibu.

Fundi mmoja alikaza skrubu ya chini. Mwingine akasema tuweke oili nzito, nzito kama uji wa mzazi, na gari likainywa hiyo pia bila aibu. Ndipo baba akakumbuka karatasi iliyobandikwa ndani ya boneti. Ilikuwa na namba ya simu na maneno mawili kwa kalamu ya wino mzito: PHELISTA FUNDI. Akapiga, akaweka sauti juu ili sote tusikie.

"Hiyo gari naijua kama mtoto wangu," ile sauti ilisema. "Ya kijivu. Kiti ya nyuma iko na doa ya kahawa."

"Ndiyo hiyo, fundi."

"Inakula oili, haimwagi, haitoi moshi."

"Haswa. Umeiona aje na uko Bungoma?"

"Usisumbuke, baba. Hiyo ni lingi."

"Ringi?"

"Eee. Lingi."

"Ni ringi, na kijiti kinasema iko chini?"

"Kijiti wachana nayo. Mimi nakwambia ni lingi, hakuna kitu ingine. Tupange siku uniletee niitoe."

"Kutoa tu? Hiyo hata mimi naweza."

Fundi akacheka, akasema wanaume wa Kitale wana maneno, kisha chaji yake ikaisha.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho msomaji wa huku kwetu ameshakijua. Sisi ni Wakikuyu, na nyumbani L na R hazijawahi kukaa vizuri. Baba akisema kitu ni kingi, hajali ngeli, husema ni ringi. Mvua ni ringi, watu ni ringi, makelele yako Ciru ni ringi. Kwa hivyo simu ilipokatika alikuwa ameelewa kabisa kwamba oili imezidi. Ngige akamuunga mkono. Sufuria ukiijaza mpaka mdomoni, alisema, itafurika tu, punguza uone kama haitatulia. Baba akafungua ile skrubu ya chini, akapunguza oili mpaka kijiti kikawa kinalowa nchani tu. Akaacha kuongeza. Alilala vizuri wiki hiyo, na mimi pia.

Ijumaa iliyofuata shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda nao Kitale. Tulipokuwa tukirudi Cucu alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu, kitambaa cha bandeji mkononi. Tulikuwa tumeacha mji nyuma, mashamba pande zote mbili, mahindi yakiwa na majani manne manne. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, ile yenye umbo la birika dogo. Baba akaegesha kando. Akapiga simu.

"Fundi, umeniharibia gari. Ulisema ni ringi, nikapunguza."

"Ulipunguza nini?"

"Oili."

Sauti ikarudi polepole. "Nani alikwambia upunguze oili, baba?"

"Si ni wewe? Si ulisema ni ringi?"

"Nilisema ni lingi. Sasa lingi inapunguzwa aje?"

Walirudia hivyo mara tatu, ringi, lingi, ringi, kama watoto wanaosukumana bembea, na kila mmoja aliamini mwenzake amekuwa kichwa kigumu. Mimi ndani ya kichwa changu nilikuwa nimerudi darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametupa jozi za maneno tuyatofautishe, kula na kura, mahali na mahari, na darasa zima likacheka kwa sababu nusu yetu hatukuweza. Nilikuwa pia nimetazama video nyingi za injini kwa simu ya mama tangu lile gunia jeupe. Vitu hivyo viwili vikagongana: huenda fundi alikuwa akiweka L mahali pa R.

"Fundi," nikasema, "unamaanisha ile ya pistoni?"

"Eee, mtoto wangu. Lingi ya pistoni. Kuna lingi gani ingine?"

Baba alifunga macho. Cucu, ambaye nilidhani amelala, akaanza kutikisika mapajani mwangu. Alikuwa anacheka.

"Miaka sabini na moja nasema ringi," alisema, "na sijawahi kuua gari."

Fundi Phelista hakucheka. Alianza kutoa amri. Zima, alisema, na usiniambie imezima, hiyo gari inajua kunyamaza na kujifanya imelala, halafu inaamsha injini yenyewe bila kukuuliza. Zima kabisa. Ufunguo mpe mtoto aende nao mbali. Kwa hivyo nilisimama hatua thelathini kutoka kwenye gari, ukingoni mwa shamba la mtu, nimeshika ufunguo kama yai, hadi mwendeshaji bodaboda aliyetumwa dukani aliporudi na oili. Baba akaijaza mpaka alama ya juu. Simu ikawekwa karibu na injini. Tukawasha, na mtu aliye Bungoma akasikiliza.

"Haigongi," alisema mwishowe. "Mungu yuko. Rudisha mama nyumbani pole pole, kesho asubuhi uniletee. Kurudi hospitali ni lini?"

"Jumanne."

"Basi tuko na siku tatu, na moja ni ya Bwana."

Mama alibaki na Cucu. Jumamosi mimi na baba tukafika Bungoma, upande wa Kanduyi, ambako gareji yake iko nyuma ya nyumba yake. Nilitarajia mtu mkubwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, kitambaa kichwani, aproni ya mpishi wa hoteli, miwani imefungwa kwa waya wa shaba shingoni. Alinisalimu mimi kwanza.

"Wewe ndiye mwenye masikio. Kalibu."

Siku zile tatu sikutoka karibu naye, na kwa kuwa niliuliza sana, najua mambo yake kiasi. Baba yake, mzee Wepukhulu, alikuwa na kinu cha kusaga mahindi kule Chwele. Kelele za kinu zilimla masikio taratibu, na Phelista akiwa na miaka minane ndiye aliyekuwa akimsikilizia injini. Alikuwa akiweka kiganja juu ya bati lake na kumwambia baba yake kwa vidole: inakohoa, ina kiu, ina njaa. Alipomaliza shule wakampeleka chuo cha ufundi cha kijiji akasomee kushona. Darasa la kushona lilipakana kwa ukuta na karakana ya magari, na ukuta wenyewe ulikuwa na dirisha. Mwisho wa mwaka majina ya wasichana wa kushona yalikuwa ishirini na mawili, ya mafundi wa magari kumi na moja, na lake lilikuwa kwenye orodha zote mbili.

"Wateja wa kwanza walikuwa wakikuja wananiuliza fundi yuko wapi," aliniambia, kichwa chake kikiwa ndani ya boneti. "Nawaambia ametoka, atarudi saa hii. Natengeneza. Nikimaliza nawaambia amerudi."

"Walikasirika?"

"Gari ikiwaka mtu hakasiriki."

Magari ya haibridi yalipoanza kuonekana Bungoma, mafundi wengi waliyakimbia. Walisema betri yake inaua. Phelista naye aliogopa, ila aliogopa kwa mpango. Akachapishiwa kitabu cha gari, akakisoma na kamusi miezi mitatu kabla ya kugusa waya hata mmoja. Ndiyo maana kazi yake ya kwanza siku ile ilikuwa kufungua nyuma ya gari na kuchomoa kizibo cha rangi ya machungwa kinachokata umeme wa betri kubwa. Alikitia mfuko wa aproni, akafunga mfuko kwa pini.

"Hiki kikiwa kwangu, hakuna mtu atakufa," alisema.

Kisha akatoa plagi nne na kuzipanga juu ya kitambaa cheupe. Mbili zilikuwa kavu, rangi ya biskuti. Mbili zilikuwa nyeusi na zenye mafuta. Baba alizitazama muda mrefu, kwa sababu hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza oili yake ilikokuwa ikienda.

Fundi alinieleza kwa kutumia sufuria. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na imevaa ringi tatu. Ya chini ni kama mwiko: kazi yake ni kukwangua oili ukutani isibaki. Lakini gari hili la zamu za betri, injini yake inalala na kuamka, inalala na kuamka, mara nyingi haipati moto wa kutosha, na masizi yanajaa kwenye vitundu vya ile ringi mpaka inaganda. Mwiko umeganda, haukwangui. Oili inabaki ukutani, inaungua kidogo kidogo kila mlipuko, moshi wake mwembamba hata huuoni. Na ule kidogo unaoonekana hutoka injini inapoamka, wakati dereva ameshaondoka.

"Kwa hivyo gari ilikuwa inatudanganya," nikasema.

"Haikudanganya. Ilikuwa inaambia mtu ambaye hayuko nyuma yake."

Kila boliti aliyoitoa aliiweka kwenye trei ya mayai, shimo lake likiwa na namba aliyoiandika kwa chaki. Trei tano. Kufikia saa kumi jioni pistoni zilikuwa nje, nyeusi kama makaa, zikaloweshwa kwenye beseni la dawa. Ringi zenyewe zilikuwa zimeganda kiasi kwamba hazikuzunguka hata kwa kibano. Baba akauliza tutapata wapi nyingine, kesho ni Jumapili na maduka ya spea yamefungwa.

Fundi Phelista alikwenda ukutani, kwenye msumari uliokuwa na kalenda ya zamani, akatoa nyuma yake kijipakiti chenye vumbi. Juu yake kulikuwa na namba ya gari letu.

Akakaa kwenye kibao. Alisema alizinunua mwaka uliopita, Makokha alipomletea gari likiwa na shida hiyohiyo. Makokha alisikia kazi ni ya siku tatu, akasema atarudi, na alichorudi nacho ni habari kwamba ameliuza kwa mtu wa Kitale.

"Nilijua," alisema. "Namba yangu ilikuwa ndani ya boneti na yako sikuwa nayo, lakini ya Makokha nilikuwa nayo. Ningemuuliza. Nikasema gali si yangu, mauzo si yangu. Nikanyamaza. Na huyo mama anatoka kwenye mashine, analala kwa kiti ya nyuma."

Baba alikichukua kijipakiti, akakipangusa vumbi kwanza. Yeye ni mtu wa maneno mengi, kwa hivyo nilijua anachagua.

"Fundi," alisema, "mimi nilipewa jibu kwa simu nikaenda kumwaga oili. Sisi wawili hakuna wa kumtupia mwenzake jiwe. Tufunge hizo ringi."

Jioni hiyo alituchinjia kuku. Kwa kawaida ya huko firigisi ni ya mwanamume wa heshima mezani, na baba alikuwa ameshasogeza sahani. Fundi akaipita sahani yake, akaiweka firigisi kwenye ugali wangu.

"Hii ni ya masikio," alisema.

"Mimi nimeendesha gari kutoka Moi's Bridge," baba akalalamika.

"Umeiendesha, ndiyo. Lakini uliimwagia oili chini. Kula shingo."

Jumapili sikuamini angefanya kazi, kwa sababu ni mwimbaji wa kanisa na redio yake yote ni nyimbo za dini. Alivaa gauni la bluu, akanichukua, tukaenda ibada ya kwanza. Katikati ya wimbo mkoba wake ukafunguka na nikaona kitu cha rangi ya machungwa kati ya Biblia na leso. Alikuwa amekuja na kizibo kanisani.

"Siiachi na mtu," alininong'oneza. "Hata na baba yako. Hasa baba yako."

Saa tano kasorobo tulikuwa tumerudi na gauni la bluu limebadilishwa kuwa aproni. Akasema Yesu mwenyewe aliuliza ni nani asiyemtoa punda wake aliyetumbukia kisimani siku ya sabato. Kisha akatazama injini yetu iliyo wazi. "Ila huyu punda wenu amekunywa kisima chote."

Mimi nilipewa kazi ya kusafisha vitundu vya pistoni kwa waya mwembamba, vinane kila moja, na kila niliposema vimeisha alizinyanyua kwenye mwanga na kunionyesha kimoja nilichoruka. Hakunikemea. Aliniambia tu mgonjwa yuko kwenye hicho kimoja. Jumatatu mchana trei za mayai zilikuwa tupu, mashimo yote, na hakuna boliti hata moja iliyobaki mkononi. Akafungua pini ya mfuko, akarudisha kizibo mahali pake. Gari likawaka kimya, kama kawaida yake, betri kwanza. Tukangoja. Injini ilipoamka, nilikuwa nimechuchumaa nyuma na kitambaa cheupe kwenye bomba la moshi. Kilitoka na unyevu kidogo tu, maji safi.

Kazi tulilipia. Ringi alikataa kabisa. Alisema hizo zilikuwa za kunyamaza kwake.

Jumanne saa moja kasoro dakika kumi Cucu alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali Kitale, kofia yake ya sufu kichwani, wa pili kwenye foleni. Muuguzi alimwambia amewahi leo. Cucu akamjibu kwamba gari limepata meno mapya.

Sasa ni mapumziko ya katikati ya muhula. Jana ilikuwa Jumamosi, siku ambayo Cucu huwa na nguvu kidogo, akasema anataka kwenda Bungoma kumwona huyo mtu. Baba alimwambia safari ni ndefu. Cucu akasema kama gari ni lake basi linaenda anakotaka. Alibeba viazi, maharagwe, na sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe akiwa kwenye mashine kwa mkono wake mmoja ulio huru na mdomo ukishika uzi, kazi ya wiki saba. Sweta ilikuwa pana kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia Cucu kwamba fundi ni mtu mkubwa, kwa maana nyingine.

Fundi Phelista alipangusa mikono, akashika ya Cucu yote miwili. Akaivaa sweta juu ya aproni. Mikono ilimfika kwenye vidole na hakuikunja.

Kisha akafungua boneti. Gari lilikuwa limetembea kilomita elfu moja tangu kazi ile. Alichomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Baba alinyoosha mkono akipokee. Fundi akampita, kama alivyompita siku ya firigisi, akakipeleka kwa Cucu kwenye kiti chake.

Cucu hakuwa na miwani. Alikisogeza kijiti mbali, akakisogeza karibu; oili ilikuwa kwenye alama ya juu.

"Ni ringi?" aliuliza.

"Ni lingi, kukhu," alisema fundi, akimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

Baba alinitazama ili niwatafsirie. Sikuona la kutafsiri.